Kilo Mbili Kasoro Gramu Arobaini

Fundi Mizani hakuwa na gari wala baiskeli. Hakuwa na shamba. Hakuwa na deni benki, kwa sababu benki haikumjua. Hakuwa na meno mawili ya juu upande wa kushoto. Hakuwa na saa, ila alisoma saa kwa kivuli cha nguzo ya umeme iliyosimama mbele ya kibanda chake, umeme ambao kibandani haukuwahi kuingia. Hakuwa na mwana wa karibu. Binti yake wa pekee alikuwa mpishi katika nyumba za watu mbali, na alikuwa akituma salamu nyingi kuliko pesa. Tangu mvua zilizopita hakuwa na sukari nyumbani, na mafuta ya kupikia aliyajua kwa kijiko, si kwa chupa.

Alichokuwa nacho ni mke, mjukuu wa kike wa miaka minane, na seti kamili ya mawe ya mizani ya shaba, kuanzia gramu tano hadi kilo tano, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa kwa mkono wenye jasho.

Mjukuu aliitwa Kijiko, kwa kuwa tangu alipoota meno hakuna kijiko kilichotoka mdomoni mwake kikiwa na kitu. Kwa sababu yake mke wa Fundi naye aliitwa Bibi Kijiko mtaa mzima, na jina lake la zamani likabaki kwenye karatasi.

Jumatatu jioni Kijiko alirudi shuleni na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alimpa babu yake, akakaa chini kusubiri, kwani alipenda kumsikia akisoma kwa sauti kama mtangazaji.

"Wazazi na walezi," Fundi akasoma, "mnaarifiwa kwamba chakula cha mchana cha wanafunzi kitasitishwa mwisho wa mwezi huu. Upimaji wa kaya uliofanyika katika mtaa huu umeonyesha kwamba wakazi hawajaathirika sana na kupanda kwa bei za vyakula. Chakula hicho kitahamishiwa mitaa yenye mahitaji."

"Babu, kaya ni nini?"

"Ni watu wanaokula sufuria moja."

"Basi ni sisi."

"Ni sisi."

Kijiko alifikiri. "Hata sima ya mwisho ya sufuria nayo wataacha kutupa? Mpishi wa shule huwa ananipa niparuze."

Chakula cha shule ndicho kilichomfanya mtoto huyu akimbie badala ya kutembea. Asubuhi alikunywa chai isiyo na sukari, jioni alikula uji wa unga uliokuwa ukizidi kuwa mwepesi kila wiki. Pesa iliyokuwa ikinunua kilo mbili za unga sasa ilinunua kilo moja na robo, na ile robo mwenye duka aliitoa huku ameshika pumzi.

"Huyo aliyepima alipima mtaa gani?" Fundi akauliza. "Si ni yule binti karani anayekuja hapa Jumanne? Si ameiona sufuria yetu?"

"Kula kwanza, uji unapoa," mkewe alisema. Alikuwa amegeuka upande wa jiko, akifuta mahali palipokwisha kufutwa.

"Nakuuliza, mama."

"Nami nakwambia unapoa. Hizo ni hesabu za ofisini, mimi nitazijulia wapi?"

"Wewe huli?"

"Nilionja jikoni nikashiba. Mpishi halali njaa."

Ndivyo alivyosema jana, na juzi, na siku zote tangu bei zilipoanza kupanda. Fundi alimsogezea Kijiko bakuli lake likiwa na vijiko viwili vya mwisho, akalamba vidole, na suala la sufuria likalala hapo.

&nbsp;

Asubuhi iliyofuata mteja wa kwanza kufika kibandani alikuwa mwenye duka mwenyewe, amekumbatia mizani yake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Fundi, hii imekuwa ngumu. Ilegeze kidogo."

Fundi aliiweka mezani, akaweka jiwe la kilo moja. Mshale ulisimama kwenye gramu elfu moja na ishirini. "Imeshalegea," alisema. "Inampunja mteja gramu ishirini kila kilo. Nani aliichezea?"

"Hilo si swali la fundi. Ishirini hainitoshi. Nifanyie hamsini."

"Mteja naye ana upande wake, bwana."

"Mteja ana mdomo tu. Nikipandisha bei ananitukana mimi, kama vile gunia nimelizaa mimi. Nikipunguza gramu hakuna anayenitukana, tunaamkiana vizuri. Sasa kipi ni cha kiungwana?"

Fundi alicheka, kwa sababu jamaa alikuwa na ulimi mzuri. Kisha akaisukuma mizani irudi kwa mwenyewe. "Kuirudisha kwenye kweli, nitakufanyia bure. Hiyo nyingine siiwezi."

"Utakufa njaa na kweli yako, mzee."

"Nitakufa na uzito wangu kamili."

Mwenye duka aliondoka na mizani yake kifuani. Ilikuwa ndiyo kazi pekee iliyofika tangu Alhamisi. Fundi alichukua kitambaa akaanza kuyafuta mawe ya shaba yaliyokuwa hayana vumbi.

Hajamaliza jiwe la pili, akasikia, "Shikamoo, baba." Alikuwa msichana mwembamba mwenye mkoba mkubwa, viatu vimechakaa kisigino upande mmoja, kama vya mtu anayetembea sana kwenye mteremko. Alitoa mkobani mizani ndogo ya betri.

"Nimeelekezwa kwako. Imekwama. Inasoma namba ileile."

"Namba ipi?"

Msichana alifungua daftari, akaligeuza ili Fundi aone. Alikuwa karani wa takwimu. Kila Jumanne alipita katika nyumba sita za mtaa mmoja kupima chakula kilichomo, kisha kuuliza watu walikula nini siku zilizopita, ili ofisi ijue bei mpya zimewafanya nini wananchi. Kwenye ukurasa wa Jumanne iliyopita, nyumba ya kwanza ilikuwa na mchele gramu 1,960. Ya pili, 1,960. Ya tatu vilevile. Maharage gramu 870 nyumba zote sita. Mayai sita kila nyumba.

"Mwezi uliopita nilipeleka hivihivi, wakazijumlisha bila kuangalia," alisema. "Sasa msimamizi wangu ameanza kuuliza. Nikipeleka tena, atasema nilibaki nyumbani nikazibuni. Nitafukuzwa, baba. Nimeajiriwa kwa miezi mitatu tu, na nina mama."

Fundi aliiwasha mizani, akaweka jiwe la gramu tano. Tano. La mia. Mia moja. La kilo. Elfu moja. Alijaribu pembeni na katikati, akaigeuza, akapuliza chini yake. Kisha akaweka kilo moja, nusu kilo, na mengine hadi yakafika gramu 1,960 kamili, na mizani ikasoma hivyohivyo. Akaondoa jiwe la gramu tano, ikasoma 1,955.

"Binti yangu, mizani yako ni nzima. Haidanganyi hata gramu."

"Sasa ni nini?"

Fundi aliliangalia tena lile daftari. "Nyumba ya nne ni ya nani?"

"Ni ya bibi mmoja mpole sana. Ana mjukuu anaitwa Kijiko. Ndio wenye hali nzuri, hata anasema wakati mwingine anavimbiwa."

Msichana alitaka kulipa, Fundi akakataa, akisema hajatengeneza kitu. Alipoondoka kuelekea mtaani, Fundi aliyafunga mawe yake moja moja kwenye kitambaa, akafunga kibanda kivuli cha nguzo kikiwa bado kirefu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ila siku ya msiba.

&nbsp;

Alizunguka njia ndefu, akapitia uchochoro wa nyuma, akafika binti akiwa ameshamaliza nyumba tatu za kwanza. Kwenye mlango wake wa jikoni alikutana uso kwa uso na jirani wa nyumba ya tano, fundi cherehani, mwanamke mnene wa maneno, anayechechemea mguu mmoja, mwenye watoto wanne. Alikuwa anatoka na kapu lililofunikwa kitambaa cha kijani.

"Shemeji," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja ya ujirani akakosa la kuongeza.

Fundi aliinua pembe ya kitambaa. Mchele. Maharage. Chupa ya mafuta. Mayai sita, moja lina ufa mwembamba kama unywele.

"Linakwenda wapi?"

"Kwangu. Binti akishapima hukaa barazani kuuliza maswali. Hapo ndipo tunalitoa." Alishusha sauti. "Usimseme mkeo, shemeji. Sote tumo."

Fundi alimpisha. Alisimama jikoni kwake kama mgeni. Kutoka chumba cha mbele sauti zilimfikia vizuri, kwa kuwa pazia halijawahi kuzuia sauti.

"Na jana jioni, bibi?"

"Jana tulikula wali na maharage. Mtoto nikamkaangia yai."

"Na babu wa mtoto?"

"Yeye mayai mawili. Anafanya kazi ngumu."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nilikula mpaka nikajisema."

Fundi alikiangalia kinu, akaliangalia jiko. Sufuria ya jana ilikuwa imepinduliwa, safi, imeng'aa kama haijawahi kuguswa na chakula. Angeweza kuvuta pazia. Badala yake alikaa juu ya kigoda, akaweka mikono magotini, akasubiri mpaka msichana akaaga.

Bibi Kijiko alipoingia jikoni na kumkuta, hakushtuka. Alikaa sakafuni mbele yake.

"Tangu lini?" Fundi akauliza.

"Jumanne ya pili."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza nilimwonyesha kweli." Alianza kukunja ukingo wa nguo yake. "Sufuria ilikuwa na majani na maji ya chumvi. Akaipima. Akaandika. Halafu akanitazama, mzee wangu, na akafungua mkoba wake akaniachia mkate wake wa mchana hapo mezani. Mtoto yule, kisigino kimekwisha, anilishe mimi? Mgeni akija kwangu ndiye anaondoka na kitu mkononi. Sikulala. Nikamwendea jirani Nesi nikaazima kapu lake la chakula, siku moja tu, nimsafishie macho. Kumbe wenzangu nao walikuwa wameona aibu yao. Likaanza kuzunguka."

"Unajua wameifanyia nini ile hesabu?"

"Jana uliposoma ndipo nilipojua." Aliukunjua ukingo wa nguo. "Nimemnyang'anya mjukuu wangu chakula kwa mkono wangu."

Fundi hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha. Neno moja, anavimbiwa, alikuwa amelibeba tangu kibandani, na halikuwa kuhusu kapu.

"Njoo huku," alisema.

Nyuma ya mlango wa mbele palikuwa na mizani ya magunia ambayo mwenyewe aliileta itengenezwe, akahama mji, hajarudi mwaka wa tisa. Kijiko hupimwa hapo kila mwisho wa mwezi, na uzito wake huandikwa kwa penseli kwenye fremu ya mlango. Pembeni ya alama za mtoto kulikuwa na alama nyingine, za bibi, kwa ajili ya utani tu. Ya mwisho ilisema sitini na moja. Baada ya hapo alama za mtoto ziliendelea peke yake.

"Panda."

"Mimi si gunia."

"Najua. Panda."

Alivua kandambili, akapanda. Fundi alisogeza kijiwe kwenye mkono wa mizani, akakirudisha, akakirudisha tena. Arobaini na nane. Alimwambia ashuke, akafungua kitambaa, akaweka jiwe la kilo tano juu ya ubao. Mizani ikasoma tano. Akaliondoa, akaliweka upya upande mwingine. Tano.

"Ni nzima," alisema.

"Najua ni nzima," Bibi Kijiko alijibu. "Ndiyo maana nilikuwa sipandi."

Kilo kumi na tatu. Fundi, ungempa mfuko wa sukari kiganjani, angekwambia umepungua gramu ishirini. Alikuwa amelala kando ya kilo kumi na tatu zilizopotea, usiku baada ya usiku, na kiganja chake hakikumwambia kitu. Alikaa juu ya ubao wa mizani, mahali palepale aliposimama mkewe, akafunika uso.

"Ulikuwa unasema umeonja jikoni."

"Nilikuwa naonja." Alimwekea mkono kichwani, kama anavyomfanyia Kijiko. "Usilie juu ya mizani ya watu, mzee. Itapata kutu."

&nbsp;

Kesho yake alasiri nyumba zote sita zilikutana katika ua wa Nesi. Nesi alikuwa mwanamke mrefu aliyestaafu hospitalini, na kwa kuwa ndiye pekee mwenye pensheni, kapu lilikuwa lake. Lilikuwa limewekwa katikati ya ua, kama mshtakiwa.

Fundi aliwaeleza barua ya shule, na maana ya hesabu za binti karani. Akasema anataka kuandikia ofisi ya takwimu.

"Uandike nini?" fundi cherehani akauliza. "Kwamba mimi sina? Mimi wateja wangu wananiheshimu kwa sababu hawajui. Leo jina langu likalale kwenye faili la watu wasiojiweza, kesho mtu aniletee kitambaa chake cha harusi?"

"Hatutaandika majina. Tutaandika nyumba."

"Nyumba ya tano ni ya nani hapa? Si itakuwa kama kuvaa barakoa na kutoka na mguu wangu huu."

Watu walicheka, kwa kuwa mguu wake aliujua kila mtu. Naye akacheka, kisha akaacha.

"Wanne wako wanakula wapi mchana?" Nesi alimuuliza taratibu.

Fundi cherehani alitazama chini. "Shuleni."

"Na binti yule je?" akauliza mzee wa nyumba ya sita, mlinzi wa ghala, aliyekuwa amekuja na usingizi machoni. "Tukisema tulidanganya, wao watasema yeye alilala. Atafukuzwa."

"Hilo nitaliandika juu kabisa," Fundi alisema. "Mizani yake nimeipima mwenyewe. Alipima alichoonyeshwa."

Bibi Kijiko alisimama, na kwa kuwa aliangalia ardhi, wote wakamsikiliza.

"Ni mimi niliyelianzisha. Nilidhani namficha mgeni. Kumbe nilikuwa nawaficha watoto. Nyumba ya nne iandikwe ya kwanza. Mwenye kuona aibu ajifiche nyuma yangu. Nimekonda lakini bado nafunika mtu."

Hapo hakuna aliyecheka. Fundi cherehani alijipangusa pua kwa mtandio. "Basi niandike," alisema. "Lakini uandike na mguu, wasije wakanisahau."

Nesi alilivuta kapu karibu yake. "Nami niseme langu. Hili kapu limenitesa. Nilinunua mchele huu kilo mbili nikitegemea kuupika Jumapili, ukawa wa Jumanne. Wiki tano nimeukalia na njaa. Yai hili lenye ufa nimelibembeleza kama mtoto wa miezi saba, maana likivunjika, nyumba sita zina mayai matano."

"Hukununua kilo mbili," Fundi alisema. "Ulinunua kilo mbili kasoro gramu arobaini. Mwenye duka ana ishirini zake katika kila kilo."

Nesi aliunyanyua mfuko wa mchele kwa kiganja. "Mbwa yule," alisema polepole, kwa sauti ileile aliyowahi kuwaagizia wagonjwa dawa. "Na huwa ananiita dada."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliita watoto, akawaambia walete kuni. Akamimina mchele wote kwenye ungo, hata punje zilizonasa kwenye kona ya mfuko. "Tukiuacha, Jumanne ijayo mmoja wetu ataona aibu tena, na huyo mmoja huenda nikawa mimi. Tuule."

Walipika wali, wakapika maharage, wakakaanga mayai, na lenye ufa likatangulia. Nyumba sita kwa kilo mbili kasoro ni vijiko vichache kila mtu. Lakini Nesi ndiye aliyegawa, na mkono wa nesi hauna upendeleo. Sahani ya Bibi Kijiko aliijaza kuliko zote, akasema ni dawa, na dawa haipingwi.

Bibi Kijiko alimwangalia Kijiko. Mkono wake ulianza safari ya kawaida, kutoka sahani yake kwenda sahani ya mtoto.

"Mama," Fundi alisema, "nakutazama."

Mkono ukarudi. Alikula. Alikula polepole, akitafuna kila punje kana kwamba ana mazungumzo nayo, na Fundi hakugusa sahani yake mpaka ya mkewe ilipofika nusu. Kijiko alimaliza zamani, akahamia kwenye sufuria.

&nbsp;

Barua waliiandika Alhamisi asubuhi, mezani, Kijiko akiwa shuleni. Fundi aliandika kwa herufi za kusimama, bila kufuta. Aliandika kwamba binti karani hana kosa. Aliandika habari ya kapu, kwamba chakula cha nyumba moja kilihesabiwa mara sita. Kisha akaorodhesha nyumba, kuanzia ya nne, na kila kilichokuwamo Jumanne ile ukiondoa kapu. Nyumba ya nne: unga kikombe kimoja na nusu, chumvi, majani. Nyumba ya tano: unga, kitunguu kimoja, watoto wanne. Haikuwa barua ndefu. Alimsomea mkewe.

"Umesema kwa nini tulifanya?"

"Nimesema, 'Tulimwonea haya mgeni.'"

"Watatuelewa?"

"Nao wana mama zao."

Bibi Kijiko alitikisa kichwa kukubali, kisha akauliza, "Na kilo zangu?"

Fundi aliiweka kalamu chini. "Hizo ni zako. Haziwahusu."

"Si wanataka kujua bei imetufanya nini? Unga utawaambia tumebakiwa na nini. Hautawaambia kimeondoka nini." Alisukuma karatasi irudi kwake. "Ziandike."

"Mama, ni watu wasiokujua. Watakusoma."

"Waliniandika nimevimbiwa, na nilikubali. Ziandike, mzee wangu. Sitini na moja, arobaini na nane. Na uandike umenipima wewe, wajue hakuna makosa."

Akaandika. Ile nane aliiandika polepole kuliko maneno mengine yote.

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekauka. Fundi aliilamba mara mbili, ikafunguka mara mbili. Bibi Kijiko alikwenda jikoni, akarudi na kisahani kidogo kilichofunikwa kikombe. Ndani yake mlikuwa na punje tano au sita za wali wa jana.

"Uliziweka?"

"Kwa kazi hii. Usinitazame hivyo, zangu nilikula zote, uliniona."

Alizisaga punje kwa kidole gumba kwenye ukingo wa bahasha, akafunga, akakandamiza kwa jiwe la shaba la kilo moja. Fundi aliona kidole chenye jasho juu ya jiwe lake, akakiacha.

Posta walikwenda pamoja kwa miguu, wakipumzika mara mbili bila kusema ni kwa ajili ya nani. Karani wa posta aliiweka bahasha kwenye mizani.

"Gramu ishirini na moja. Imezidi moja, inataka stempu mbili."

Fundi alikuwa ameshika pesa ya stempu moja. Aliinama, akaisoma mizani mwenyewe, upande na mbele.

Karani aliwatazama, mzee na mkewe, na vumbi la miguuni mwao. "Ni gramu moja tu, mzee wangu. Naweza nisiione."

"Ione," Fundi alisema. "Mizani yako ni nzima."

Bibi Kijiko alikuwa ameshafungua fundo kwenye pembe ya mtandio wake. Alitoa sarafu iliyokuwa ya chumvi, akaiweka mezani kando ya pesa ya mumewe. Karani alibandika stempu ya kwanza, akabandika ya pili, akapiga mhuri, na barua ikaingia kwenye mfuko pamoja na nyingine.